Sinema za Kutisha, za Kale na za Sasa

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma habari za michezo, za safari za wanafunzi wa jiografia, na za shamba la shule. Leo naomba nafasi niwaeleze habari ya sinema za kutisha. Najua baadhi ya wazee watakunja uso. Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzee mmoja alisimama akasema kuwa picha hizi zinawaharibu watoto akili na kuwanyima usingizi, na kwamba chama chetu cha sinema kingefanya vema kuonyesha picha za kilimo tu. Picha za kilimo ni nzuri, nami nimeziona zote mbili. Lakini si haki kukihukumu kitu kabla ya kukijua, kwa hiyo nimeona nieleze jinsi sinema hizi zinavyotengenezwa, jinsi zinavyotutisha, zipi ni kazi ya akili na zipi ni upuzi mtupu. Mimi si mtaalamu. Ni mpenzi wa sinema, na katika likizo zangu nimekwisha kuona picha za namna hii zipatazo sitini, nyingine za zamani zisizo na sauti, nyingine za siku hizi.

Kwanza yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kushtuka na kuogopa. Mtu yeyote aweza kukushtua. Akipasua mfuko wa karatasi nyuma ya sikio lako utaruka, kisha utamtukana, na baada ya dakika moja umesahau. Kuogopa ni jambo jingine. Umeme ukikatika usiku, na wewe umetumwa peke yako kutoka bwalo la chakula mpaka bwenini, huoni kitu, wala husikii ila wadudu na viatu vyako mwenyewe. Walakini unaongeza mwendo. Unaogopa nini, na hapana kitu? Unakiogopa kile ulichokiweka mwenyewe katika giza lile. Mtu wa pwani huweka jini, wa bara huweka mchawi na fisi wake, na aliyepata alama mbaya za hesabu huenda akamweka mwalimu wa zamu. Mtengenezaji wa sinema aliye hodari hulijua jambo hili. Hukupa giza, akakupa na sauti ndogo, halafu kazi iliyobaki akakuachia wewe.

Tazama picha iitwayo Nosferatu, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1922 na Bwana F. W. Murnau. Picha hii yahusu mfu anyonyaye damu za watu, nayo ilichukuliwa katika kitabu cha Dracula alichokiandika Bram Stoker mwaka 1897. Ilichukuliwa bila ruhusa. Mjane wa Stoker akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Kwa bahati njema baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa nchi nyingine, ndiyo maana mimi na wewe twaweza kuiona zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mchezaji mkuu, aliyekuwa mfu huyo, aliitwa Max Schreck, na neno schreck kwa Kijerumani maana yake ni kitisho. Hilo lilikuwa jina lake la kuzaliwa, hakujipachika.

Katika picha hii mna mahali ambapo mfu yule apanda ngazi kwenda chumbani mwa mwanamke. Wewe humwoni mfu. Unaona kivuli chake tu ukutani, mgongo umepinda, vidole virefu kama miiba ya mchongoma, na kile kivuli cha mkono kinanyooka kuelekea mlangoni. Hapana damu, hapana kelele. Na picha yenyewe haina sauti hata kidogo. Nimeiona mara nne, na mara zote nne miguu yangu ilipanda juu ya kiti yenyewe. Jambo jingine la kupendeza ni kwamba katika kitabu cha Stoker yule Dracula aliweza kutembea mchana. Ni Nosferatu iliyoanzisha habari ya mnyonya damu kufa kwa mwanga wa jua, na tangu hapo wengine wote wakaiga, hata leo watu wadhani ni mila ya zamani sana.

Nilipata kuitazama pamoja na bibi yangu kijijini, mkoa wa Shinyanga, katika kompyuta ya mjomba. Bibi alitazama mpaka mwisho bila kusema. Kisha akasema, "Maskini, yule mzee hana watu." Basi. Nami sijasoma maelezo mengine ya picha hiyo yaliyonipendeza kuliko hayo.

Baada ya sauti kuingia katika sinema, Marekani ilichukua nafasi ya mbele. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ilitoa Dracula, iliyochezwa na Bela Lugosi, mtu wa Hungaria. Watu huisifu sana. Mimi nasema Lugosi ni mzuri na picha yake yachosha. Baada ya dakika ishirini za mwanzo watu hukaa sebuleni wakizungumza kama wajumbe wa kamati. Ajabu ni kwamba usiku, wachezaji wa Lugosi walipokwenda kulala, kundi jingine liliingia katika nyumba zile zile za kuigizia likatengeneza Dracula hiyo hiyo kwa Kihispania. Hao wa zamu ya usiku walifanya kazi iliyo bora, hasa katika namna ya kuitembeza kamera.

Mwaka huo huo wa 1931 ilitoka Frankenstein, na hapa sina neno la kulalamika. Kitabu chake kilitungwa na msichana, Mary Shelley, aliyeanza kukiandika akiwa na umri wa miaka 18. Chahusu mwanachuoni aliyeunganisha viungo vya maiti akafanya mtu. Mtu huyo alichezwa na Boris Karloff, naye alikaa saa nyingi kila siku mbele ya fundi wa kupamba nyuso, Jack Pierce, kabla ya kazi kuanza. Sasa sikilizeni jambo lililotokea katika picha hii, maana ladhihirisha neno langu. Yule kiumbe anakutana na mtoto wa kike kando ya ziwa. Wanatupa maua majini, nayo yaelea. Maua yakiisha, kiumbe, asiyejua lolote, anamtupa mtoto akidhani naye ataelea kama ua. Wakaguzi wa sinema waliona hayo ni makali mno, wakakata kipande kile. Basi kwa miaka mingi watazamaji waliona kiumbe akimnyoshea mtoto mikono, kisha mara baba anapita mjini amembeba mtoto aliyekufa. Katikati hapakuwa na kitu. Watu wakapajaza wenyewe, na waliyoyawaza yalikuwa mabaya kuliko yale yaliyokatwa! Miaka ya 1980 kipande kilirudishwa, na ndipo ilipoonekana kuwa yule kiumbe ni wa kuhurumiwa. Mkasi wa mkaguzi ulikuwa umemfanya mwovu.

Karloff huyo huyo alicheza The Mummy mwaka 1932, yaani maiti iliyokaushwa ya Misri. Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe latuhusu. Neno hilo la Kiingereza na neno letu mumiani ni ndugu. Yote mawili yatokana na mumiya, la Kiarabu na Kiajemi, lililokuwa jina la dawa nyeusi kama lami. Kamusi za Kiswahili za zamani zaeleza kuwa mumiani ni dawa ya namna hiyo, kisha zaongeza kwamba watu waliamini yatengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni uvumi ulienea katika Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba wako watu wanaotembea usiku kukamata wapita njia na kuwatoa damu, na katika miji mingine walioshukiwa ni askari wa zimamoto, pengine kwa sababu ya magari yao mekundu. Wazee wetu hawakuhitaji kulipa kiingilio.

Turudi kwenye picha yenyewe. Watu wengi wanaoitaja hukumbuka maiti yenye vitambaa ikitembea huku na huku. Haitembei. Kijana mmoja anasoma maandishi ya kale, na nyuma yake macho ya maiti yafumbuka kidogo sana. Mkono mmoja washuka. Kisha twaona vitambaa viwili vikiburutika kuelekea mlangoni, na kijana anaanza kucheka, na kicheko hakikomi. Amepata wazimu. Ndiyo yote.

Lakini aliyeijua kazi hii kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Val Lewton. Alipewa fedha kidogo, hakuweza kununua majitu wala mazimwi, basi akaamua kutoyaonyesha. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke mmoja aamini kwamba akikasirika atageuka chui. Usiku mwenzake anatembea peke yake kando ya bustani. Twasikia viatu vyake, ko, ko, ko, na nyuma yake viatu vingine. Mara vile viatu vya nyuma vyanyamaza. Hapana anayefuata, wala hapana aliyeondoka. Anaanza kukimbia. Kisha yaja sauti kali kama ya paka mkubwa anayefoka, nasi twaruka, kumbe ni breki za basi lililosimama mbele yake! Mafundi wa sinema mpaka leo huuita mtego wa namna hii "basi la Lewton". Katika picha hii chui haonekani ila kwa nukta chache, tena nasikia hata hizo wenye kampuni ndio walioshikilia ziwekwe.

Watakaosema kwamba hayo ni ya zamani kwa sababu mitambo haikuwako, na waitazame Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Rangi ilikuwako, Hitchcock akachagua nyeusi na nyeupe. Kile kifo cha bafuni hakifiki dakika moja, na kilichukua siku saba kupigwa. Vimeunganishwa vipande vifupi zaidi ya hamsini, kisu, maji, jicho, pazia, hata mtazamaji anaapa kwamba ameona kisu kikikata mwili, ambapo hakuonyeshwa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Hitchcock alitaka mahali hapo pasiwe na muziki, lakini mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliandika muziki wa fidla unaolia kama ndege anayechinjwa, na Hitchcock alipousikia akakubali. Funga masikio yako utazame tena, utaona hofu imepungua nusu.

Pengine bahati mbaya humfundisha mtu kazi. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka 1975, alikuwa na papa wa chuma. Maji ya chumvi yakamharibu kila mara, hata siku nyingi hakuweza kuogelea. Basi Spielberg akatuonyesha bahari tu, na John Williams akatupa muziki wa noti mbili. Zaidi ya saa nzima yapita kabla hujamwona papa barabara. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa wavuvi wa Tanga, alikuwa hamwogopi papa kwa kuwa amewala wengi. Baada ya picha hii alikataa kuingia majini zaidi ya magoti kwa likizo nzima.

Basi, za siku hizi je? Nyingi ni mbaya, sifichi. Wamepata kompyuta za kuchora chochote, kwa hiyo huonyesha kila kitu. Zimwi lina meno mia mbili, nasi twayahesabu yote, na ukimaliza kuhesabu huogopi tena. Au huweka ukimya, kisha kishindo kama cha mlango wa ghala, mara kumi na tano katika picha moja. Huko ni kushtua. Nyingine humwaga damu na kukatakata watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hizo zanichefua, na juu yake nakubaliana kabisa na yule mzee wa mkutano wa wazazi.

Hata hivyo si zote. Wajapani walitoa Ringu mwaka 1998, iliyoongozwa na Hideo Nakata, habari ya mkanda wa video ambao aliyeutazama hufa baada ya siku saba. Mzimu wake ni msichana aliyefunikwa uso kwa nywele. Mwendo wake wa ajabu ulipatikana kwa hila nyepesi: mchezaji alitembea kinyumenyume, kisha picha ikaendeshwa kwa kurudishwa nyuma. Katika A Quiet Place ya mwaka 2018 kuna viumbe vipofu vinavyowinda kwa kusikia, basi jamaa nzima yaishi bila kutoa sauti. Tulipoitazama, mtu mmoja aliyekuwa akitafuna karanga alisita kutafuna. Picha nyingine ya mfululizo huo, ya mwaka 2024, ilichezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, ambaye mwenzake mkubwa mle ndani ni paka. Naye mwenyewe amepata kusema kwamba kabla ya kazi hiyo alikuwa akiogopa paka. Hapa kwetu Bwana Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta kwa kamera za video na fedha haba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sauti yake yaumiza masikio, lakini giza lililomo ni giza letu, na hilo halinunuliwi.

Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, yastahili maneno zaidi. Ilipata tuzo ya Oscar ya mwaka 2018 kwa uandishi wake. Mchezaji mkuu, Daniel Kaluuya, ni Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Nilishangaa picha ilipoanza, kwa maana nilisikia sauti za watu wakiimba na kunong'ona kwa Kiswahili! Wimbo huo waitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", umetungwa na Michael Abels. Mwalimu wetu wa Kiswahili angeikata ile "kwa" kwa wino mwekundu, lakini maana ni ya kuogofya: wahenga wamwonya kijana akimbie, na kijana hajui lugha. Watazamaji wengi wa Marekani hawakuijua pia. Sisi tuliijua. Kijana yule ni Mwafrika wa Marekani, anakwenda nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake Mzungu, na kila mtu anamchekea. Hapana zimwi. Pana chai, kijiko na kikombe.

Picha hiyo yanirudisha kwenye nyingine ya kale, Night of the Living Dead, aliyoitengeneza George Romero mwaka 1968 kwa fedha chache. Wafu wafufuka, wala watu, na watu saba wajifungia katika nyumba ya shamba. Aliye na akili kuliko wote ni Ben, mtu mweusi, amechezwa na Duane Jones. Usiku kucha Ben apigana, wenzake wote wafa, yeye apona. Kumekucha. Waja wanaume wenye bunduki pamoja na mkuu wa polisi. Ben asikia, asogea dirishani kutazama. Mmoja aona kivuli dirishani, hakuuliza, akampiga risasi ya kichwa, wakamtupa motoni pamoja na wale wafu. Picha yaishia hapo. Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri mkanda umekatika.

Nimeifikiri sana picha hii, nami nitasema kwa nini. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo hupata wekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Wale wauaji nao walikuwa gizani, wakasikia uvumi, mtoto akafa au mvua ikakosa, pakawa na nafasi tupu. Wakapajaza, na waliyemweka pale ni jirani yao. Hao wazimamoto wa mumiani walipakwa uovu kwa njia hiyo hiyo. Bibi yangu apikia kuni mpaka leo. Macho yake ni mekundu. Mama amemnunulia jiko la gesi, na siku tulipompelekea, jirani mmoja kijana alisema kwa mzaha, "Afadhali, bibi, sasa watu wataacha kukuogopa." Bibi alicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nawajibu wazazi kama ifuatavyo. Ni kweli si kila picha yafaa kila mtoto. Psycho na Night of the Living Dead naona ziwe za Kidato cha Tano na cha Sita, tena mwalimu awepo, na baada yake watu wazungumze kabla ya kwenda kulala. A Quiet Place na Cat People zafaa kuanzia Kidato cha Tatu. Za kukatakata watu zisiletwe kabisa. Ringu isionyeshwe usiku wa kuamkia mtihani. Nasema hivyo kwa ajili ya bweni lote, maana aliyeota hupiga kelele.

Chama cha sinema kimemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuonyesha Nosferatu Jumamosi ya pili ya muhula ujao, saa moja usiku, katika bwalo. Kwa kuwa haina sauti, kikundi cha muziki kitapiga marimba na zeze, na yule mvulana wa Kidato cha Pili apigaye filimbi amekubali kusimama nyuma kabisa ya ukumbi, gizani, pasipo kuonekana. Wazazi wanakaribishwa, kiingilio hakuna. Mzee wa mkutano nimemwekea kiti mstari wa mbele, karibu na ngazi.